Jalada limepinda, limebanduka, limeota ukungu: kutafuta chanzo kwenye majalada ya maganda, majani na magome

Jalada la kitabu kilichojalidiwa kwa mkono na kupambwa kwa maganda, majani au magome likiharibika, wengi huanza kuilaumu gundi. Wanabadilisha gundi, wanarudia kazi, na tatizo linarudi vilevile. Kabla hujagusa chupa ya gundi, jiulize: kasoro hii imeonekana lini? Iliyojitokeza kabla kazi haijakauka ina chanzo chake, iliyokuja baada ya wiki mbili tatu ina chanzo kingine, na ile ya baada ya miezi sita nayo ina chake. Ukishajua muda, umepunguza nusu ya utafutaji.

Mara nyingi mkosaji ni maji: yaliyobaki ndani ya jani, yaliyozidi kwenye gundi, au yaliyomo hewani. Kwa tunaofanya kazi hii pwani, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, unyevu wa hewa hukaa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu huanza kuwa tishio unyevu ukishavuka asilimia 65 hivi. Muda wa kukausha unaotosha Dodoma hautoshi Pemba, na unaotosha Januari hautoshi wakati wa masika. Mwongozo wowote unaokuambia "acha usiku mmoja" bila kuuliza uko wapi, uupokee kwa tahadhari.

Kasoro za siku ileile

*Jalada limepinda.* Hili ndilo linalokatisha watu tamaa kuliko yote. Kadibodi, karatasi, ganda la mgomba na kitambaa vyote hunywa maji na kutanuka, vikikauka husinyaa. Kinachosinyaa huvuta ubao, yaani kadibodi ngumu ya jalada, upande wake. Kwa hiyo liweke jalada juu ya meza, upande uliopambwa ukiwa juu, ulitazame. Kama kingo zimeinuka na katikati pamebonyea, mapambo ndiyo yanayovuta. Kama katikati ndiko kulikoinuka, inayovuta ni karatasi ya ndani. Kupinda kidogo kuelekea ndani hakuna ubaya, maana jalada la namna hiyo hukumbatia kurasa vizuri. Kupinda kuelekea nje ndiko kunakokiacha kitabu wazi kiingie vumbi na unyevu.

Chanzo cha kwanza ni kubandika upande mmoja tu na kuuacha mwingine mtupu. Ubao uliobandikwa ganda nje unahitaji karatasi ndani ya kuvuta upande wa pili, na ikiwezekana ubandike zote mbili siku moja. Mtu anayepamba leo halafu anaweka karatasi ya ndani wiki ijayo amejitafutia shida mwenyewe.

Chanzo cha pili hakionekani kwa macho. Kadibodi na karatasi za kiwandani zina mwelekeo wa nyuzi. Nyuzi zikilowa hutanuka kwa upana, urefu wake haubadiliki sana. Shika kadibodi, uikunje taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande utakaokubali kukunjika kirahisi unakuonyesha kwamba nyuzi zinakwenda sambamba na mkunjo huo. Kwenye kitabu, nyuzi za ubao, za karatasi ya ndani na za kurasa zote zinapaswa kwenda sambamba na mgongo wa kitabu. Ukichanganya, zinagombana.

Ganda la mgomba nalo lina nyuzi, tena hizo unaziona wazi. Vipande virefu vya ganda vikilazwa vyote kwa mlalo, kutoka mgongoni kwenda ukingoni, vitasinyaa kwa upana wake na kuuvuta ubao kutoka juu na chini. Vilaze visimame sambamba na mgongo. Au ukate vipande vidogo na kuvigeuza huku na huku, kila kimoja kivute upande wake na nguvu zimalizane. Picha za maganda ya mgomba zinazouzwa kwenye maduka ya sanaa zimepangwa kwa vipande vidogo, na mpango huo unasaidia ubao wake ubaki mnyoofu.

Jalada lililokwisha kupinda usilinyooshe kwa mikono, utayatenganisha matabaka ya kadibodi. Bandika karatasi ya ziada upande uliovimba, kwa gundi iliyozidishiwa maji kidogo kuliko kawaida, kisha liweke katikati ya mbao mbili zilizofunikwa magazeti ya zamani yaliyopauka, lisichafuliwe na wino mpya. Weka uzito juu. Badilisha magazeti baada ya saa moja, tena baada ya saa nne, halafu uliache siku mbili. Kubadilisha magazeti ndiko kunakotoa maji. Uzito peke yake unayafungia ndani.

*Rangi imechuja.* Ukili, ule utepe uliosukwa kwa ukindu wa rangi, hupendeza sana ukipita wima kwenye jalada, lakini siku hizi rangi nyingi za wasusi ni za unga wa dukani, na baadhi huchuja zikiguswa na gundi yenye maji. Kabla ya kazi, lowesha tambara jeupe, ubonyeze juu ya ukili kwa dakika moja. Likitoka na rangi, osha ukili kwa maji baridi hadi maji yawe meupe, ukaushe kivulini, ujaribu tena. Kama bado, ushone kwa uzi badala ya kuubandika. Ukili umezoea kushonwa tangu enzi za mikeka, na kwenye jalada mshono wake unakaa vizuri kuliko gundi.

Karatasi iliyotiwa rangi ya manjano, bizari ile ya jikoni, ina kisa chake. Ikiguswa na sabuni, majivu au chokaa hugeuka nyekundu. Ukiona mabaka mekundu kwenye karatasi uliyoitia manjano, tafuta sabuni iliyobaki kwenye brashi au mikononi.

*Gundi imepenya hadi juu ya nguo ya magome.* Lubugo, nguo ya magome ya Buganda ambayo Wahaya wa Kagera nao waliivaa, hutengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, linalopigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi litanuke na kuwa jembamba. Ufundi wenyewe ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2008. Kipigo hicho kinachoipa ulaini ndicho pia kinachoacha matundu madogo kati ya nyuzi. Ukipaka gundi moja kwa moja mgongoni mwake, inapita na kutokeza usoni kama madoa meusi yanayong'aa, na hayatoki tena.

Dawa yake ni kuitia karatasi kwanza. Chukua karatasi nyembamba, ipake gundi nzito ya unga, uiache dakika chache ishike, kisha ilaze juu ya mgongo wa lubugo iliyotandazwa kavu. Usiipake lubugo yenyewe. Bonyeza kwa kiganja, usisugue. Ikikauka una kitambaa chenye mgongo wa karatasi, na kuanzia hapo kinakubali gundi kama kitambaa kingine chochote cha majalada. Usiivute wakati wa kubandika. Ikikauka itarudi ilikotoka na kuacha pengo ukingoni.

Mapovu ya hewa chini ya karatasi hayahitaji maneno mengi: gundi haikuenea, au ulibonyeza kuanzia kingo badala ya katikati. Toboa kwa sindano, ingiza gundi kidogo, bonyeza.

Kasoro za wiki ya pili hadi ya sita

*Ganda la mgomba linabanduka kingoni.* Ganda lina sura mbili. Upande wa nje ni laini, unang'aa, na una utando wa nta wa asili. Upande wa ndani ni wa vyumbavyumba vyepesi. Gundi nyeupe ya maseremala hushika kwa kuingia kwenye vinyweleo vya kitu. Juu ya nta haiingii popote, inakaa juu tu, na ganda likijikunja siku ya jua kali inaachia. Kwa hiyo ubandike upande wa ndani. Ukitaka upande wa ndani ndio uonekane, kwa ile michoro yake mizuri ya mistari, usugue upande wa nje kwa msasa laini hadi ung'avu uishe, halafu uufute kwa spiriti na kuuacha ukauke.

Angalia pia unene. Ganda nene lina nguvu ya kujikunja inayoishinda gundi yoyote. Lichambue libaki jembamba, lipulizie maji kidogo, uweke kitambaa juu na upige pasi isiyo na mvuke hadi linyooke. Likate likiwa limekauka kabisa. Ukilikata likiwa na unyevu, litasinyaa baada ya kubandikwa na kuacha nyufa kati ya kipande na kipande, na watu wakiziona nyufa hizo hudhani ulikata vibaya.

Na uchukue maganda yaliyokaukia kwenye mgomba wenyewe. Ganda bichi lina utomvu, na kila aliyewahi kukata mgomba akiwa amevaa shati jeupe anajua doa la utomvu halitoki kwa sabuni yoyote. Kwenye karatasi ni hivyohivyo.

*Kifuu au kombe limedondoka.* Sababu ni kuweka kitu kigumu, kizito na laini juu ya kitu kinachopinda. Kikwangue kwa msasa upande wa nyuma. Kifuu cha nazi kina mafuta, kifute kwa spiriti. Njia ya uhakika ni kutoboa matundu mawili na kukishona kwenye ubao kabla hujaweka karatasi ya ndani, ili fundo la uzi lifichwe chini yake. Fundi anayetegemea gundi tupu kwa kifuu anamuuzia mteja kitabu cha miezi mitatu.

*Ukungu.* Madoa ya kijivu, kijani au meusi, pamoja na harufu ya kabati lililofungwa. Tazama umeanzia wapi. Ukianzia pale jani lilipo na kusambaa nje, jani halikuwa limekauka. Ukienea jalada zima kwa usawa, gundi ilikuwa na maji mengi au kitabu kilifungwa mapema. Ukiwa upande wa nyuma tu, ule ulioegemea ukuta, tatizo liko kwenye rafu wala si kwenye kazi yako.

Kujua kama jani limekauka, kuligusa hakutoshi. Litie kwenye mfuko wa plastiki unaoonekana ndani, ufunge, uweke juani. Ukiona jasho kwenye plastiki baada ya saa moja, bado. Majani mazito kama ya mwembe yanaweza kuhitaji wiki tatu katikati ya magazeti, na magazeti yabadilishwe kila siku katika wiki ya kwanza. Petali nyembamba humaliza kwa wiki moja. Katika masika mimi hushauri usikaushe kwa hewa kabisa. Tumia pasi ya moto mdogo isiyo na mvuke, jani likiwa katikati ya karatasi mbili, kwa kubonyeza na kuinua, usiiburute.

Gundi ya unga wa ngano ni nzuri, bei yake ni ndogo, na anayekarabati kitabu miaka ishirini baadaye anaweza kuifungua kwa maji. Lakini ni chakula, cha ukungu na cha mende pia. Pika unga sehemu moja kwa maji sehemu nne au tano, koroga hadi uji uwe na ung'avu, uchuje kwa kitambaa, na uutumie ndani ya siku moja au mbili. Matone machache ya mafuta ya karafuu huchelewesha ukungu. Ni desturi ya zamani ya wajalidi wa nchi nyingi, na sisi tulio jirani na Pemba hatuna sababu ya kuyakosa. Ikishatoa harufu ya uchachu, imwage. Unaweza pia kuichanganya nusu kwa nusu na gundi nyeupe: inakupa muda wa kusogeza kipande kabla hakijashika, na maji ndani yake hupungua.

Kitabu kilichokwisha kuota ukungu kitenge na vingine mara moja. Usikifute kikiwa na unyevu, utausambaza. Kikaushe kwanza mahali penye upepo, kisha toka nje, jifunge barakoa, uufagie kwa brashi laini kuelekea mbali na wewe, na umalizie kwa pamba yenye spiriti kidogo. Jaribu spiriti pembeni kwanza; inaweza kuondoa rangi. Jani lililooza ling'oe, hutaliokoa.

*Unga laini unadondoka kwenye jalada.* Ukiona vitundu kama vya sindano na unga chini yake, kuna mdudu ndani ya mbegu au ndani ya kijiti. Kunde, maharage na choroko mara nyingi hutoka shambani zikiwa na mayai ya fukusi, na kuzibandika hakuwaui. Mbegu zote za mapambo zitie kwenye mfuko uliofungwa vizuri, ziwekwe kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukizitoa, usiufungue mfuko hadi zirudi kwenye joto la chumba, kwani ukifungua mapema hewa ya nje inageuka maji juu yake. Kitabu kizima kilichoingiliwa nacho hutibiwa hivyohivyo, mradi kiwe kikavu.

Hapa niseme jambo la usalama. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mturituri zinavutia, na watu huzipenda kwenye majalada. Zina sumu kali. Ikimezwa nzima inaweza kupita bila madhara, ila iliyotafunwa au kutobolewa ni hatari ya kifo. Usizitoboe kwa ajili ya uzi, na usiziweke kabisa kwenye kitabu kitakachofika mikononi mwa mtoto. Komwe, zile kete za kijivu za bao, ni ngumu na zinapendeza vilevile.

Kasoro za miezi

*Rangi ya majani na maua imepotea.* Kijani cha jani hakidumu kwenye mwanga, hata ukifanyaje. Likauke haraka, gizani, na bado litaelekea kwenye rangi ya majani makavu. Mimi naona ni vyema kuchagua tangu mwanzo vitu ambavyo uzuri wake hauko kwenye kijani: mishipa ya jani, umbo lake, kahawia ya ganda, nyeupe ya singa za mkonge. Bogenvilia, ambayo "maua" yake tayari ni makavu kama karatasi, hushika rangi muda mrefu kuliko wengi wanavyotarajia. Asumini hugeuka kahawia karibu mara moja, na haibiska mara nyingi huwa nyeusi. Manjano ya bizari hupauka upesi sana juani, kwa hiyo iweke ndani ya kitabu, si juu yake.

*Vanishi imekuwa njano au imeweka utando mweupe.* Vanishi ya mafuta huwa njano kadiri inavyozeeka. Ya maji ni salama zaidi, mikono miwili miembamba, yaani matabaka mawili. Utando mweupe kama maziwa kwenye vanishi ya kupuliza hutokea ukiipuliza siku yenye unyevu mwingi: kimiminika chake kinaporuka hupoza uso wa jalada na kuvuta maji ya hewani. Subiri siku kavu, pulizia tena mkono mwembamba sana, mara nyingi utando huondoka. Lakini usipake vanishi kila kitu. Lubugo iliyopakwa vanishi imepoteza mguso wake, na mguso ndio sababu ya mtu kuinunua.

*Kumepasuka kwenye kiungo.* Kiungo ni ule mfereji kati ya mgongo na ubao, ambapo jalada hukunjika kila kitabu kinapofunguliwa. Hakuna jani kavu, ganda wala ukili unaohimili kukunjwa mahali palepale mara mia tano. Ukiziba nyufa kwa gundi, zitapasuka pembeni yake. Sababu ni mpango wa jalada lenyewe: mgongo na kiungo vinahitaji kaniki, turubai jepesi au ngozi ya mbuzi, na mapambo yaanzie milimita 5 kutoka kiungoni. Lubugo yenye mgongo wa karatasi ndiyo pekee kati ya vitu hivi ambayo ningeipitisha juu ya kiungo bila wasiwasi. Majani unaweza kuyalainisha kwa kuyaweka siku kadhaa kwenye glisarini ya dukani, sehemu moja kwa maji sehemu mbili, yakiwa bado mabichi. Yanabaki yakinyumbulika, ila gundi huyashika kwa shida, kwa hiyo yashone.

*Kivuli cha kahawia kimejitokeza ndani, sawasawa na umbo la jani la nje.* Asidi na tanini za jani zimesafiri kupita kadibodi. Kadibodi nyembamba ya boksi la bidhaa hupitisha upesi, tena ina asidi yake yenyewe. Tumia kadibodi nene zaidi, na uweke karatasi nzuri nyeupe kati ya jani na ubao kama kinga. Ikiwa kivuli kimekwisha kutokea, bandua karatasi ya ndani, weka mpya juu ya tabaka la kinga, na uongeze kurasa mbili tupu mbele ya zile zenye maandishi.

*Mapambo yamechubua vitabu jirani.* Kitu kilichoinuka juu ya jalada kitakwaruza kila kinachoegemea. Tengeneza ubao wa matabaka mawili, ule wa juu ukate dirisha, kisha uweke kifuu au mbegu ndani ya shimo hilo hadi kilingane na uso wa jalada. Pima kwa rula iliyolazwa juu: isiyumbe. Kwa kitabu kilichokwisha kukamilika, kishonee mfuko wa kaniki, na ukiweke rafuni kwa kukilaza, hicho kikiwa juu ya vingine.